Mgongoni au Chali? Kiswahili cha Mawaidha juu ya Mlalo wa Mtoto Mchanga

1. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Katika kazi hiyo ya kulea mna tendo moja ambalo hurudiwa mara nyingi kila siku, na pengine kwa sababu hiyo halijawashughulisha wanaisimu wetu. Tendo hilo ni kumlaza mtoto mchanga. Makala haya yanakusudia kulitazama tendo hilo kwa upande wa lugha. Tutajaribu kuonyesha kwamba mawaidha ya kitabibu juu ya mlalo wa mtoto, ambayo yamejengwa juu ya maneno machache sana, hupotoka yanapofasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza. Tutaonyesha pia kwamba Kiswahili kina maneno ya jambo hili yaliyo wazi kuliko yale ya Kiingereza chenyewe, mradi mfasiri ayatafute mahali yalipo.

Kisa kilichotuchochea kuandika ni hiki. Muuguzi mmoja, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wetu, alituomba tukasahihishe kipeperushi cha Kiswahili kilichokusudiwa kusomwa na akina mama katika kliniki ya watoto. Miongoni mwa sentensi zake ilikuwamo hii:

(1) Mlaze mtoto wako mgongoni kila wakati wa kulala.

Muuguzi aliisoma sentensi hiyo kwa sauti mbele ya akina mama waliokuwa wakingojea zamu zao. Mama mmoja, mwenye mtoto aliyefungwa kwa leso, akatabasamu akasema, "Mwalimu, hilo mbona ndilo tulifanyalo? Hata sasa yuko mgongoni, na amelala." Wenzake wakacheka kwa kukubali. Tulipomwuliza usiku humlaza vipi, alijibu bila kusita, "Usiku ni kifudifudi. Ndivyo anavyotulia."

Mama huyu hakukosea. Alikielewa Kiswahili cha kipeperushi kama mjuzi yeyote wa lugha angalivyokielewa. Aliyekosea ni mfasiri, na kosa lake lilimwacha mtoto katika mlalo ule ule ambao kipeperushi kiliandikwa ili kuuzuia.

2. Asili ya shauri lenyewe

Kabla ya kuingia katika uchambuzi wa maneno, yafaa tueleze kwa muhtasari shauri hili limetoka wapi. Katikati ya karne ya 20 wazazi wengi wa nchi za Magharibi walishauriwa kuwalaza watoto wao kifudifudi. Kitabu cha malezi cha daktari wa Marekani, Benjamin Spock, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1946 na kusomwa na mamilioni ya wazazi, kiliunga mkono mlalo huo katika matoleo yake ya tangu miaka ya 1950. Hoja ilikuwa kwamba mtoto alalaye chali akitapika atapaliwa. Hoja hiyo ilionekana kuwa ya busara, ila haikuwa imepimwa.

Mwaka 1969, katika mkutano uliofanyika Seattle nchini Marekani, wataalamu walikubaliana juu ya jina na fasili ya vifo vya ghafla vya watoto wachanga ambavyo hata baada ya uchunguzi havipatiwi sababu. Kuanzia miaka ya 1980, uchunguzi uliofanywa katika Uholanzi, Uingereza, Australia na New Zealand ulidhihirisha kwamba watoto waliolazwa kifudifudi walifikwa na vifo hivyo zaidi ya wenzao. Uholanzi ilianza kuwaonya wazazi mwaka 1987. Uingereza ilianzisha kampeni yake Desemba 1991. Marekani ilitoa shauri mwaka 1992, kisha ikaanzisha kampeni ya taifa zima mwaka 1994. Katika nchi hizo vifo vya namna hiyo vilipungua kwa kiasi cha nusu au zaidi katika muda wa miaka michache.

Mwaka 2005 Ruth Gilbert na wenzake wa Uingereza walichapisha mapitio ya uchunguzi wote wa awali. Walihitimisha kwamba ushahidi wa kutosha ulikuwapo tangu mwaka 1970, na kwamba kama ungalizingatiwa wakati huo, vifo zaidi ya 10,000 katika Uingereza, na visivyopungua 50,000 katika Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand, vingaliweza kuepukwa.

Hapa pana funzo kwa mtu wa lugha. Wazazi wale hawakuwa wazembe, bali walikuwa watiifu. Walisoma shauri, wakalielewa, wakalifuata. Maneno yaliyoandikwa kwa nia njema yaliingia katika vyumba vya watoto na kukaa humo kwa kizazi kizima. Kwa hiyo mtu apewapo kazi ya kufasiri shauri la aina hii, asidhani kwamba amepewa kazi ndogo.

Ama hofu ya kupaliwa, jibu lake ni la maumbile. Mtoto alalapo chali, bomba la hewa huwa juu ya umio. Maziwa yarudiyo kutoka tumboni hayana budi kupanda ndipo yaweze kuingia katika bomba la hewa. Alalapo kifudifudi mambo hugeuka: umio huwa juu, na kile kirudicho huweza kuteremka hadi kwenye njia ya pumzi. Baada ya nchi tulizozitaja kubadili mlalo wa watoto, vifo vya kupaliwa havikuongezeka.

3. Maneno ya mlalo katika Kiswahili

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno yaelezayo namna mwili ulivyolala. Kwa mlalo wa uso juu tuna chali, kitanitani na kingalingali. Kwa mlalo wa uso chini tuna kifudifudi, na pia kifulifuli. Kwa mlalo wa upande twasema ubavu, kwa ubavu au kiubavu.

Msomaji atatambua mara moja kwamba mengi ya maneno haya yamejengwa kwa njia moja: kiambishi ki- cha namna, pamoja na shina lililorudufishwa. Kifudifudi lina uhusiano wa dhahiri na kitenzi kufudikiza, yaani kupindua kitu mdomo wake ukaelekea chini, kama mtu afudikizavyo chungu au bakuli. Maana ya kifudifudi basi imo ndani ya umbo lake. Asikiaye neno hilo huona chombo kilichofunikwa, na mtoto aliyefudikizwa ni kama chombo ambacho hewa haikipati vizuri.

Chali limesimama peke yake. Halina kiambishi wala halirudufishwi, na halibadiliki kwa ngeli wala kwa idadi. Laweza kufuata kitenzi cha kutenda kwa hiari, kama kulala chali. Cha jambo litokealo bila hiari, kama kuanguka chali. Na cha kusababisha, kama kumlaza mtu chali. Sifa hii ya mwisho ndiyo tuihitajiyo katika mawaidha ya ulezi, kwa kuwa mtoto mchanga hajilazi. Yeye hulazwa.

4. Mgongo, mgongoni, na kulalia mgongo

Sasa na tuirudie sentensi (1). Kiingereza hakina neno moja la kawaida la kusema chali. Husema "juu ya mgongo". Isitoshe, kampeni ya Uingereza na ile ya Marekani zote mbili ziliitwa "Back to Sleep", na jina hilo lilikuwa mchezo wa maneno, kwa kuwa neno lile lile lenye maana ya mgongo lina pia maana ya kurudi. Msemaji wa Kiingereza husikia "rudi usingizini" na "lala chali" kwa pamoja, akafurahi na kukumbuka. Mfasiri aliyebanwa na muda huuona mgongo, akauchukua, akaupachika kiambishi cha mahali, akapata mgongoni.

Lakini kiambishi -ni huonyesha mahali. Mgongoni ni mahali palipo na mgongo, na jambo la kujiuliza ni mgongo wa nani. Katika Kiswahili, na katika maisha ya wasemaji wake, mtoto akitajwa pamoja na mgongoni, mgongo huo ni wa mbebaji. Kumbeba mtoto mgongoni, kumfunga mgongoni na kumlaza mgongoni ni fungu moja la maana, pamoja na mbeleko yake. Muktadha hauwezi kuuokoa ufasiri huu, kwa sababu muktadha ndio unaovutia upande wa mbeleko.

Kuna njia ya kuutaja mgongo bila kupotosha. Kiswahili huutumia mnyambuliko wa kutendea: kulalia mgongo, kulalia tumbo, kulalia ubavu. Hapa kiungo kinachofuata kitenzi ni cha mlalaji mwenyewe. Linganisha:

(2) Mtoto amelala mgongoni.
(3) Mtoto amelalia mgongo.

Sentensi ya (2) yampa mtoto mgongo wa mama yake. Sentensi ya (3) yampa mgongo wake mwenyewe. Hata hivyo njia hii ina kikwazo, nacho ni kwamba hairuhusu kwa urahisi umbo la kusababisha. Hatuwezi kusema "mlazie mgongo", kwa kuwa mlazie ni kumlaza mtu mwingine kwa niaba au kwa faida ya huyu. Twalazimika kusema "mlaze alalie mgongo wake", sentensi iliyo sahihi lakini nzito. Chali hubaki kuwa neno fupi, lililo wazi, na lililozoea kufuatana na kulaza.

Tusieleweke kwamba twaipinga mbeleko. Kumbeba mtoto ni jambo jema maadamu uso wake waonekana, pua na mdomo viko wazi, na kidevu hakikubanwa kifuani. Tunachosema ni kwamba kubebwa ni jambo moja na kulazwa ni jambo jingine, na lugha yetu imekwisha kuyatenga.

5. Vikwazo vya neno chali

Haingekuwa haki kulisifu neno chali bila kuvitaja vikwazo vyake. Cha kwanza ni cha mjini. Katika Sheng ya Nairobi chali ni kijana wa kiume, au mpenzi wa kiume. Mama wa miaka 19 aliyelelewa mitaani humo huenda akalijua chali hilo zaidi ya lile la kamusi. Kwa kawaida sentensi nzima humwongoza, lakini bango lenye maneno mawili tu laweza kuzua kicheko badala ya maonyo. Dawa yake ni kuliongezea neno fafanuzi: mlaze chali, uso juu.

Kikwazo cha pili ni cha hisia. Chali lina mwangwi wa kushindwa: mpiganaji huangushwa chali. Bibi mmoja alituambia hapendi kumwona mjukuu wake akilazwa chali, kwa kuwa "hivyo hulazwa waliokwisha kwenda". Hoja kama hii haijibiwi kwa dharau. Muuguzi mwenye hekima atakubali kwamba neno lina mwangwi huo, kisha ataeleza kwamba katika mlalo huu pua ya mtoto iko hewani na mama humwona uso hata gizani kwa mwanga wa taa ndogo.

Kikwazo cha tatu ni cha mazoea ya dini. Waislamu wengi wa pwani wamefunzwa kwamba ni vyema mtu alalie ubavu wake wa kulia, na kwamba kulala kifudifudi hakupendezi. Mzazi aliyekulia katika adabu hiyo huona ni jambo jema kumwanzishia mwanawe mapema. Katika kukataza kifudifudi, tabibu na mwalimu wa dini hawatofautiani hata kidogo. Ama ubavu, yafaa ielezwe kwamba mtoto mchanga hana nguvu za kujizuia, na aliyelazwa ubavu hupinduka kwa urahisi akawa kifudifudi. Hata madaktari wa Marekani, ambao mwaka 1992 waliruhusu ubavu pamoja na chali, baadaye waliiondoa ruhusa hiyo kwa sababu iyo hiyo.

6. Kulala na jamaa zake

Kitenzi kulala kina maana kadhaa: kunyosha mwili, kuingia usingizini, kupitisha usiku mahali, na kwa tafsida, kufa. Maana hizi mbili za mwanzo zikichanganywa, shauri huharibika. Ukisema "mtoto asilale kifudifudi", wengine wataelewa kwamba mtoto asiwekwe kamwe juu ya tumbo lake. Hilo si shauri la matabibu. Wao husema kwamba mtoto aliye macho, akitazamwa na mtu mzima, ni vizuri awekwe kifudifudi kwa vipindi vifupi ili shingo na mabega yapate nguvu. Kwa hiyo lazima tuseme "asilazwe kifudifudi kwa ajili ya usingizi", na kando yake tuseme "akiwa macho na akitazamwa, aweza kuwekwa kifudifudi".

Halafu kuna "wakati wa kulala". Kwa wasemaji wengi wakati huo ni usiku. Usingizi wa mchana huitwa kupumzika au kusinzia. Shauri lisemalo "kila wakati wa kulala" laweza kuuacha mchana wote nje. Kirejeshi -po chatuokoa hapa: kila alalapo, usiku na mchana.

Jambo zito zaidi ni la "kulala na mtoto". Matabibu hutenga mambo mawili. La kwanza ni mtoto kulala katika chumba kimoja na wazazi wake, jambo wanalolisifu, hasa katika miezi 6 ya kwanza. La pili ni mtoto kulala juu ya kitanda kimoja nao. Madaktari wa watoto wa Marekani hulishauri dhidi yake. Waingereza husisitiza zaidi kutaja hali za hatari: mzazi aliyekunywa pombe, avutaye sigara, au aliyetumia dawa za kuleta usingizi, mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37, au aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5. Wote wanakubaliana kwamba kusinzia na mtoto kwenye kochi au kiti cha mikono ni hatari kubwa. "Kulala na mtoto" huyafunika yote haya kwa shuka moja, na zaidi ya hayo kulala na mtu kuna maana ya faragha ambayo hakuna muuguzi angependa kuitaja karibu na mtoto. Ni bora tuseme waziwazi: chumba kimoja, malazi mbali.

Hata hivyo mshauri asisahau kwamba katika nyumba nyingi zetu chumba ni kimoja na kitanda ni kimoja. Kumwambia mama wa nyumba hiyo "mtafutie mtoto kitanda chake" na kuondoka ni kumsomea bei ya kitu asichoweza kununua. Wamaori wa New Zealand, ambao kwao kulala karibu na mtoto ni sehemu ya utamaduni, tangu mwaka 2006 hivi wamekuwa wakitumia wahakura, yaani chombo bapa kilichosukwa kwa majani ya mmea wa kwao, ambamo mtoto hulazwa chali, na chombo chenyewe huwekwa juu ya kitanda cha wazazi. Madaktari na wasusi walikaa pamoja wakaliwaza jambo hilo. Sisi tuna wasusi wa ukindu na milala tangu jadi. Kama wataalamu wa afya wataona jambo hilo lafaa hapa, halitakosa mikono, wala halitakosa jina.

Mwisho katika sehemu hii ni kumlalia. Mnyambuliko ule ule wa kutendea, ukichukua mtu badala ya kiungo, hutupa neno kamili la mzazi kumbana mtoto kwa uzito wa mwili akiwa usingizini. Ni neno lililo bayana mno, na hapo ndipo ukali wake ulipo. Amemlalia ina mtendaji, na mtendaji ni mama. Katika Kiswahili cha sokoni kulaliwa ni kupunjwa, na maana hiyo huongeza harufu ya hatia. Mtoto akikutwa asubuhi amefariki, majirani hulitamka neno hilo kabla ya uchunguzi wowote, na mama hulibeba maisha yake yote. Ilhali kuna vifo ambavyo, hata baada ya kuchunguzwa, havina mtendaji. Kwa hivyo tunahitaji kauli isiyomshtaki mtu: kifo cha ghafla cha mtoto mchanga kisichoelezeka. Ni kauli ndefu, lakini urefu wake ni heshima tumpayo mfiwa. Kumlalia libaki katika maonyo ya kabla, wala lisitumiwe kuwa hukumu ya baada.

7. "Gumu", "joto" na "kitu chochote"

Vipo vivumishi na nomino za kawaida ambazo nazo huteleza. Matabibu hutaka mtoto alazwe juu ya godoro tambarare ambalo halizami. Wafasiri wengi huandika "godoro gumu". Lakini -gumu ni sifa ya jiwe, ya mkate uliokauka na ya maisha yenye dhiki. Mama mwenye huruma atalitandikia godoro gumu blanketi mbili ili kulilainisha, na hapo atakuwa ametenda kinyume cha shauri. Ni afadhali kusema "godoro lisilobonyea", na kumwonyesha: likandamize kwa kiganja kisha uinue mkono, likibaki na shimo, halifai.

Vivyo hivyo joto. Shauri la kutomzidishia mtoto joto liliandikwa kwa nyumba zenye mitambo ya kupasha vyumba moto. Mama wa Limuru au Nyahururu ameambiwa, tena kwa haki, kwamba mtoto aliyezaliwa sasa hivi lazima apewe joto. Akiambiwa tena "mtoto asipate joto", atawaona wauguzi kuwa watu wasiosikilizana. Tuseme "asivikwe akatokwa na jasho", na tumweleze agusie kifua au shingo kwa nyuma, kwa kuwa mikono na miguu ya mtoto mchanga mara nyingi huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha. Hapo pia ndipo mahali pa kutaja jambo ambalo vipeperushi vya ng'ambo havilitaji: jiko la makaa lisiingizwe katika chumba cha kulala, maana moshi wake usioonekana huua watoto na wakubwa pia.

Kisha kuna sentensi hii, ambayo tuliikuta katika kipeperushi kile kile:

(4) Kitandani pasiwe na kitu chochote isipokuwa mtoto.

Kwa nchi isiyo na malaria sentensi hiyo haina lawama. Kwa Kisumu au Kilifi ni sentensi ya hatari, kwa sababu chandarua nacho ni kitu. Makusudio ya matabibu ni mito, blanketi nzito, nguo zilizolegea, vitu vya kuchezea na vizuizi laini vya pembeni ambavyo vyaweza kuufunika uso wa mtoto. Vizuizi hivyo vya pembeni Marekani ilivipiga marufuku kwa sheria mwaka 2022. Ni wajibu wa mfasiri kuvitaja kwa majina, kisha aongeze: isipokuwa chandarua chenye dawa, kilichotandazwa vizuri na kuchomekwa chini ya godoro ili kisimwangukie.

8. Nani amlazaye?

Kipeperushi husemwa na mama katika nafsi ya pili: mlaze, usimfunike, mweke. Lakini katika nyumba nyingi amlazaye mtoto mchana si mama. Ni nyanya, ni yaya, au ni dada mkubwa aliyerudi kutoka shule. Mtoto aliyezoea kulazwa chali akilazwa kifudifudi kwa mara ya kwanza na mtu asiyejua, hatari yake ni kubwa zaidi. Kwa hiyo yafaa shauri lianze kwa nafsi pana: "Yeyote amlazaye mtoto huyu…". Kwa njia hiyo mama ataweza kumsomea mkwewe bila kuonekana anamfundisha mkubwa wake. Adabu ya nyumba zetu hairuhusu mke wa mwana kumwambia mama mkwe "usimlaze hivyo". Inaruhusu kabisa kusema, "Mama, haya ndiyo maneno waliyotupa kliniki, yametuhusu sote."

Tulilijua hilo nyumbani kwetu. Mwana wetu wa kwanza alizaliwa tulipokuwa masomoni Uingereza, na muuguzi alitutembelea akakagua hata kitanda cha mtoto. Mama yangu, kwa simu kutoka nyumbani, aliuliza mtoto hulala vipi. Nilipomwambia chali, alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, atapaliwa." Nilimweleza habari ya umio na bomba la hewa kwa Kiswahili nilichokuwa nacho, na neno lililomridhisha halikuwa la kitabu. Lilikuwa kufudikiza. "Kumbe humfudikizi," alisema. "Basi ni sawa."

9. Hitimisho

Tumeona kwamba makosa mengi ya mawaidha haya hayatokani na upungufu wa Kiswahili, bali na mfasiri kutokitazama Kiswahili kabla hajaandika. Kwa kumalizia, twatoa mfano wa matini fupi ambayo wataalamu wa afya waweza kuikosoa na kuitengeneza:

Yeyote amlazaye mtoto huyu, kila alalapo, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka 1, amlaze chali, uso juu. Asimlaze kifudifudi wala ubavu. Akishaweza kujipindua na kujirudisha mwenyewe, alazwe chali, na akijigeuza aachwe. Godoro liwe tambarare na lisilobonyea. Pasiwe na mto, blanketi nzito wala nguo zilizolegea. Chandarua kichomekwe vizuri. Alale chumba kimoja na wazazi, malazi yake mbali. Asisinzie na mtu kwenye kochi. Asivikwe akatokwa na jasho, na jiko lisiwemo chumbani. Akiwa macho na akitazamwa, aweza kuwekwa kifudifudi.

Matini hii haizidi maneno 100, na hamna ndani yake neno ambalo nyanya wa Lamu au yaya wa Eldoret atahitaji kufasiriwa. Idara zetu za lugha hufundisha tafsiri kwa hotuba, mikataba na riwaya. Twapendekeza vipeperushi vya kliniki navyo viingizwe katika mazoezi hayo, na wanafunzi wapelekwe wakavisome kwa sauti mbele ya akina mama, kisha wanyamaze wasikilize. Mama wa leso alitusahihisha kwa sentensi moja. Ni haki yake kipeperushi kijacho kimfikie kikiwa kimesahihishwa.